Mbwa anayelia ukimwacha nyumbani: namna ya kumzoesha, hatua kwa hatua

Kashata alikuja kwangu akiwa na umri wa miaka miwili hivi, jike la rangi ya kahawia, kutoka kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi pwani ya mashariki ya Unguja, kisha akarudi kwao. Wiki ya kwanza nilikuwa likizo na sikuona tatizo lolote. Wiki ya pili jirani yangu, bibi anayekaa kibarazani kila asubuhi akichambua mchele, aliniita nilipokuwa naingiza vespa.

"Mwanangu, huyu mbwa wako ukitoka tu analia kama kafiwa. Analia mpaka adhuhuri inaadhiniwa. Mimi simchukii, lakini roho inaniuma."

Nilikwenda kutazama mlango wa uani. Ubao wa chini ulikuwa umetafunwa, na karibu na komeo kulikuwa na mistari ya kucha yenye damu iliyokauka. Mnyama hajitoi damu kwa utundu. Pale ndipo nilipoelewa kuwa mbwa wangu alikuwa na hofu kubwa ya kuachwa peke yake, na kwamba kila asubuhi nilipofunga geti nilikuwa namwacha ndani ya hofu hiyo kwa saa nane.

Yanayofuata ndiyo niliyoyafanya pamoja na yale ambayo wataalamu wa tabia za mbwa wanakubaliana. Msingi wake ni mmoja: hofu haichapwi ikaondoka, wala haihongwi kwa nyama. Mbwa anajifunza kukaa peke yake kwa kuachwa muda mfupi kiasi kwamba hofu haipati nafasi ya kupanda, tena na tena, mpaka kutoka kwako kunakuwa jambo la kawaida kwake.

Neno moja kabla hatujaanza. Kwetu Unguja na Pemba mbwa wengi hawakai ndani. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi hukumu ya mate ya mbwa inajulikana, na wanaofuga aghalabu hufuga kwa ulinzi wa nyumba na shamba, au kwa usasi, kama wale wa kusini mwa Unguja wanaowafukuza nguruwe wanaoharibu mihogo. Hakuna hatua hata moja hapa inayokutaka umwingize mbwa chumbani au akulambe mikono. Geti au mlango wa uani unatosha kabisa.

Mrekodi kwanza

Usitegemee unayoambiwa wala unayoyakuta ukirudi. Tafuta simu ya pili, hata iliyopasuka kioo, iegemeze juu ya dirisha au kwenye tundu la ukuta mahali ambapo mbwa hafiki, washa video, kisha ondoka kama kawaida yako. Kurekodi ndani ya simu ni bora kuliko kupiga simu ya video, kwa sababu bando likiisha au mtandao ukigoma hutapata kitu. Nusu saa inatosha, maana mbwa mwenye hofu ya kuachwa huanza mapema sana, mara nyingi kabla hata vumbi la pikipiki halijatulia.

Tazama anafanya nini. Anazunguka njia ile ile bila kupumzika? Anatweta ilhali hakuna joto? Mate yanamdondoka? Anakojoa au kunya hapo hapo ingawa siku zote anajua pa kwenda? Anakwangua sehemu uliyotokea, mlango au geti, badala ya kuchimba popote? Chakula ulichomwachia hakigusi? Dalili hizi zikikutana, na zikiwa zinatokea pale tu usipokuwepo, basi hilo ndilo tatizo.

Kuna mengine yanayofanana nalo. Mbwa anayembwekea kila apitaye njiani, uwepo usiwepo, analinda mpaka wake. Mbwa kijana anayelala vizuri saa nzima kisha akainuka kutafuna kandambili zako amechoshwa na upweke, anahitaji mazoezi na vitu vya kuchezea. Na yule anayetetemeka siku za radi za masika, au usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari fataki za Mapinduzi zinapopigwa, anaogopa mshindo. Kila mmoja ana dawa yake, na ukikosea kutambua utapoteza miezi.

Kashata kwenye rekodi ya kwanza alisimama getini dakika mbili, masikio nyuma, kisha akaanza sauti ndefu ambayo sijawahi kuisikia nikiwa nyumbani. Dakika ya tisa akaanza kukwangua mlango. Niliizima simu, sikuweza kuendelea kutazama.

Daktari wa mifugo

Mpeleke apimwe kabla ya mafunzo. Mbwa mwenye maumivu, minyoo mingi, homa inayoletwa na kupe au maambukizi ya njia ya mkojo anaweza kulia na kukojoa ovyo, na hakuna mafunzo yatakayomponya. Kama mbwa wako ni mzee na tabia hii imeanza ghafla, mwambie daktari hivyo hivyo, kwa kuwa uzee huwapunguzia mbwa kusikia, kuona na hata kumbukumbu.

Siku hiyo hiyo hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa iko sawa. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa huruka ukuta, hupenya kwenye ua wa makuti, na akishatoka hujui atakutana na nani. Pemba tumepata funzo hilo. Kichaa cha mbwa kilitoweka kisiwani humo mwaka 2014 kwa chanjo za mbwa za kila mwaka. Chanjo zilipozorota kikarudi mwishoni mwa 2016, na hakikwisha mpaka Oktoba 2018 chanjo ziliporejeshwa kisiwa kizima.

Wakati wa mafunzo asiachwe na hofu

Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, nami nilikaribia kushindwa. Huwezi kumfundisha jioni kwa dakika kumi kuwa kuachwa ni salama, kisha kesho yake ukamwacha saa nane akilia. Kila asubuhi ya namna hiyo inafuta kazi ya jioni. Kwa wiki za mwanzo inabidi awepo mtu.

Usikate tamaa, kwa sababu hapa kwetu nyumba ni nadra kuwa tupu, na majirani wanajuana. Kaa chini uandike siku za wiki na saa unazotoka, halafu uangalie nani anaweza kuziba pengo lipi. Mimi nilimpata mtoto wa dada yangu, anayesoma skuli mkondo wa mchana. Asubuhi alikuja kudurusu masomo yake uani kwetu. Siku mbili za wiki nilimpeleka Kashata shambani kwa mama, ambako kuna watu kutwa. Zilizobaki alizibeba yule bibi jirani.

Hakumgusa hata mara moja, wala sikumwomba amguse. Alihamisha mkeka wake kutoka upande wa njia akauweka upande wa ua wetu, mahali ambapo Kashata angeweza kumwona kupitia uwazi wa geti. Akachambua mchele wake kama kawaida. Kashata akalala kifudifudi, pua kwenye uwazi, akanyamaza. Hilo lilinifunza jambo kubwa: mbwa wangu hakuwa akinitaka mimi peke yangu, alitaka tu asiwe mpweke. Jaribu na wako. Mbwa wengine hutulia akiwepo mtu yeyote. Wengine wanamtaka mtu mmoja mahususi, na hao kazi yao ni ndefu zaidi.

Ukimwomba jirani, mwombe kwa adabu na mapema. Mwambie mbwa ana maradhi ya hofu, unamtibu, na matibabu yatachukua miezi. Watu huvumilia kelele wanapojua kuna jambo linafanyika. Na kama mbwa wako analia wakati wa sala na msikiti uko karibu, nenda kazungumze na wenyewe kabla hawajaja kwako.

Mahali pake

Mpe sehemu moja ambayo ni yake: banda lenye kivuli, gunia safi au kipande cha mkeka, maji katika vyombo viwili ili kimoja kikipinduka kibaki kingine. Banda la bati tupu linawaka miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, kwa hiyo liezeke makuti juu ya bati au lihamishie chini ya mti. Mbwa mwenye joto hawezi kutulia hata ukimfundisha vipi.

Mzoeshe kulala hapo wewe ukiwa unafua, unapika, unapita huku na huku. Akitulia mrushie dagaa mmoja bila maneno mengi. Akikufuata, usimfukuze, endelea na kazi, atarudi.

Usimfunge kamba ukaondoka. Mbwa mwenye hofu anaruka, na aliyefungwa karibu na ukuta anaweza kuruka upande wa pili akabaki ananing'inia. Kumfungia kwenye kizimba kidogo nako huwafanya wengi wao wavunje meno na kucha wakitaka kutoka.

Ufunguo usio na safari

Mbwa anakusoma vizuri kuliko unavyodhani. Kwangu hofu ilianza nilipochukua kofia ya vespa msumarini. Nyumba nyingine ni buibui, mkoba, au sauti ya funguo. Kazi ya hatua hii ni kuvifanya vitu hivyo visimaanishe chochote.

Chukua kofia, kaa nayo ukumbini ukinywa chai, irudishe msumarini. Vaa viatu vya kutokea, pika navyo, vivue. Washa vespa, izime, rudi ndani. Fanya hivyo mara tano au sita kwa siku, saa mbalimbali, bila kuondoka. Baada ya wiki moja na nusu hivi Kashata alikuwa akifungua jicho moja tu nikigusa kofia, kisha analifunga.

Hilo linahusu redio pia. Redio inaweza kufunika sauti za njiani, lakini ukiiwasha pale tu unapotoka itakuwa ishara ya kuachwa kama funguo. Iwashe hata siku ambazo upo.

Geti

Sasa kazi yenyewe. Chagua mlango mmoja wa kufanyia mafunzo. Toka, funga, hesabu, rudi. Sekunde chache tu, urudi kabla hajainuka, kabla masikio hayajalala nyuma. Ukirudi usifanye sherehe. Ingia, pita, mwache dakika moja atulie, toka tena.

Siku ya kwanza daftari langu linasema hivi: sekunde 3, 5, 2, 5, 8, 4. Kwenye ile 8 aliinuka akasimama getini, kwa hiyo sikwenda 10, nilirudi 4 nikafunga somo. Siku ya pili: 3, 6, 4, 7, 2, 9, 5. Unaona kuwa namba hazipandi kama ngazi. Ni makusudi. Ukipandisha kila mara, mbwa anagundua kuwa kila kutoka kunakuwa kugumu kuliko kulikotangulia, na anaanza kuogopa somo lenyewe. Changanya fupi na ndefu, na funga kwa fupi.

Somo moja kwa siku linatosha, la dakika ishirini au thelathini, siku tano kwa wiki. Siku mbili mpumzishe, nawe upumzike.

Jifunze kuona hofu kabla haijatoa sauti, kwa sababu ukisubiri alie umeshachelewa. Mbwa anapiga miayo ilhali hana usingizi. Analamba midomo ingawa hajala. Anasimama mguu mmoja wa mbele umeinuka, macho getini, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Ukiona mojawapo kwenye simu yako, muda huo umemzidi. Kesho punguza, nusu yake au chini ya hapo. Hujashindwa, umejua mpaka wake uko wapi.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kutoka sekunde hadi nusu saa. Kwangu ilichukua wiki tatu kufika dakika nne na wiki nyingine tano kufika dakika thelathini. Nilikuwa nakaa nje ya ukuta kwenye kivuli cha mwembe, simu mkononi, nikimtazama kwa simu ya video, na wapita njia wakiniuliza nimefungiwa nje au vipi. Ukishapita dakika arobaini hivi unaweza kuongeza kwa hatua kubwa, dakika kumi, kumi na tano, kwa sababu mbwa aliyetulia muda huo wote kwa kawaida ataendelea kutulia. Mwezi wa nne nilikwenda sokoni Darajani, mjini, nikanunua samaki na mboga, nikarudi baada ya saa mbili na nusu. Alikuwa amelala na gunia likiwa limekunjika chini ya kidevu.

Mazoezi na chakula

Mtembeze asubuhi mapema, kabla jua halijapanda na mchanga haujachoma nyayo. Kama uko karibu na pwani, maji yakitoka kuna nafasi tele ya kukimbia. Mshike kamba, chagua njia isiyopita mbele ya watu wanaotoka sala ya alfajiri, na mwache anuse anavyotaka. Kunusa kunamtuliza kuliko kukimbia. Ukirudi, mpe nusu saa ya kupoa kabla hujatoka.

Chakula cha kumshughulisha kinasaidia mbwa mwenye hofu ndogo. Chukua kitambaa cha kanga kuukuu, tandaza, nyunyiza dagaa na vipande vya ugali, kunja kama jamvi, ufunge fundo legevu. Mwanzo mpe ukiwepo, uone kama anakula kitambaa chenyewe. Kama anakimeza, acha kabisa. Mifupa iliyopikwa usimpe, inakatika vipande vikali. Makombo ya urojo na pilau yenye vitunguu pia usimpe, kitunguu ni sumu kwa mbwa.

Zingatia hili: mbwa aliyejaa hofu hali. Ukikuta dagaa wako vile vile na ukirudi tu anawavamia, chakula hicho hakijamsaidia kitu, na ni ushahidi kuwa muda uliomwacha ulikuwa mrefu mno.

Yasiyofaa

Kumpiga, kumfokea, kumsukuma pua kwenye mkojo. Akikuangalia kwa kichwa chini ukirudi, wengi husema "anajua kosa lake". Anachosoma ni mabega yako na sauti yako. Hajui kuwa unamlaumu kwa mlango alioukwangua saa tano zilizopita. Anachojifunza ni kuwa kurudi kwako nako kunatisha, na sasa ana hofu mbili.

Kumletea mbwa wa pili ni kubahatisha. Mara nyingi hofu ni ya kuachwa na binadamu, na utajikuta na mbwa wawili wanaolia.

Dawa

Kuna mbwa ambao hofu yao iko juu kiasi kwamba hata sekunde mbili hawaziwezi. Hao wasilaumiwe, wala mwenyewe asijilaumu. Zipo dawa zilizothibitishwa kwa tatizo hili hasa: klomipramini iliidhinishwa Marekani kwa mbwa mwaka 1998, na fluoksetini mwaka 2007. Zinafanya kazi polepole, kwa wiki kadhaa, na zinakwenda pamoja na mafunzo; peke yake dawa haimfundishi mbwa kitu. Daktari wa mifugo ndiye wa kuandika kipimo. Usimpe vidonge vyako vya usingizi, wala panado, wala dawa za maumivu zilizobaki kabatini. Nyingine zinaua mbwa kwa dozi ambayo wewe ungeiona ndogo.

Ratiba inapobadilika

Mbwa aliyepona anaweza kurudi nyuma, na kwetu mwaka una vipindi vyake. Ramadhani ni mfano mzuri: mchana watu wamo ndani wamelala, jioni nyumba imejaa kwa futari, halafu ghafla wote wametoka kwenda tarawehe. Wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, anza kumzoesha kuachwa saa za usiku, kwa dakika chache upya, hata kama mchana anaweza saa nne. Giza kwake ni somo jingine. Baada ya Idd, kama mlikuwa nyumbani kutwa kwa siku kadhaa, usirudi kazini siku nzima bila masomo mawili matatu ya kumkumbusha.

Ukisafiri kwa boti kwenda Dar au Pemba ukalala huko, mbwa huyu hafai kuachwa na mtu wa kuja kumwagia chakula asubuhi na jioni tu. Tafuta mtu wa kulala hapo, au mpeleke mahali anapopajua. Mpeleke siku mbili kabla ya safari, ukae naye kidogo, utoke na kurudi mara kadhaa, umwachie na gunia lake bila kulifua. Nami kila nikienda Pemba humwachia mama shambani, na kwenye daftari huandika namba ya kuanzia nikirudi: dakika tano, hata kama nilipoondoka alikuwa amefika saa sita.